Ombi Limepokelewa

Swali la mwisho siku ile lilitoka kwenye kiti kitupu, na Mkurugenzi alilijibu bila kuinua macho.

Hakuona sababu ya kuinua macho. Kila Jumanne asubuhi, tangu alipokabidhiwa mji auendeshe, alisimama mbele ya madiwani katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili na kuwapa taarifa ya wiki: maji yamefika wapi, taka zimezolewa mitaa ipi, taa zipi za barabarani zimekufa na zipi zimefufuka, mtaro upi umeziba na nani kautupia magunia. Taarifa zake zilikuwa na mwendo kama wimbo. Alijua pa kupandisha sauti, alijua pa kuishusha, alijua pa kutua kidogo ili vichwa vitikisike. Na kwa maswali alikuwa na jibu moja laini lililomtosha kila muulizaji.

"Ombi lako, mheshimiwa, limepokelewa. Utapatiwa haraka iwezekanavyo."

Aliyeomba daraja alijibiwa hivyo. Aliyeomba choo cha soko alijibiwa hivyo. Kila mmoja alikaa chini ameridhika, kwa kuwa wengi hawakutaka daraja wala choo; walitaka wasikike wameomba. Mwishoni Mwenyekiti aliuliza, "Wanaoafiki taarifa waseme ndiyo," na ukumbi mzima ukavuta, "Ndiyooo," watu tayari wameshika simu na funguo zao. Alikuwepo diwani mmoja mnene waliyembandika jina la Mkoromo, mwenye kipaji cha kulala fofofo kikao kizima na bado kuitikia ndiyo pamoja na wenzake, macho yamefumbwa.

Siku ile nayo iliisha hivyo. Madiwani walitoka. Alibaki karani wa vikao, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila neno linalosemwa humo ndani, na kwa ajili hiyo ofisi nzima ilimwita Mama Mihutasari. Alikuwa bado amekaa, kalamu hewani.

"Mkurugenzi, samahani. Swali la mwisho niliandike kwa jina la nani?"

"Lipi hilo?"

"La makazi. Umejibu, 'Ombi lako limepokelewa, utapatiwa makazi haraka iwezekanavyo.' Jibu nimelisikia. Swali sikulisikia."

Mkurugenzi alikuwa akikusanya karatasi zake. "Mwandike yule aliyekaa pale mwisho, dirishani."

"Pale hakukaa mtu, baba. Kile kiti kimevunjika mguu tangu mwezi uliopita. Nilipokuambia, ukaniambia ombi limepokelewa."

Ndipo alipotazama. Kiti kilikuwa kimeinama upande, kimeegemea ukuta kama mlevi. Kikalio chake kilikuwa kimeloa. Maji yalidondoka kutoka ukingoni, tone, tone, na sakafuni palikuwa na kidimbwi cheusi. Harufu ilimfikia baadaye kidogo: harufu ya tope la zamani, ya majani yaliyooza mahali pasipoonja jua.

"Kiyoyozi kinavuja," alisema.

"Kiyoyozi kiko ukuta wa huku," alisema Mama Mihutasari kwa sauti ya chini, na akafunika kalamu yake.

*

Habari kubwa katika taarifa ya siku hiyo ilikuwa maegesho mapya ya magari nyuma ya soko. Mahali hapo palikuwa na dimbwi. Lilikuwa dogo, jeusi, la baridi hata wakati wa joto kali, na halikuwahi kukauka. Wachuuzi waliokuwa tayari kutupa taka popote pale, mbele ya mlango wa polisi ikibidi, hawakutupa hata ganda la ndizi ndani ya dimbwi lile. Ukiwauliza kwa nini, walikuambia, "Basi tu."

Mhandisi wa mji alilifukia. Tipa zilimwaga kifusi, kifusi kikazama. Zikamwaga tena, kikazama tena. Mwishowe lilitandikwa nondo na kumwagiwa zege, likanyamaza. Mhandisi alipoleta habari kwa Mkurugenzi alikuja nazo akicheka.

"Vibarua wangu wawili wameacha kazi, bosi. Wanasema zege lilipokuwa linaganda, kuna mtu alikuwa anabisha hodi."

"Anabisha wapi?"

"Chini. Anabisha kutokea chini."

Walicheka wote wawili mpaka machozi. Mkurugenzi akaiandaa taarifa yake: kazi imekamilika kwa ubora uliotarajiwa. Habari ya hodi hakuiweka. Hiyo haikuwa ya kuwapelekea madiwani.

*

Alasiri ya Jumanne ile alirudi nyumbani mapema. Mke wake alikuwa muuguzi wa zamu, na siku hiyo alikuwa wa nyumbani. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa darasa la kwanza aliyerithi jina la mama yake Mkurugenzi, kwa hiyo baba mtu hakuweza kumtaja jina kavukavu. Alimwita Bibi. Mtoto naye alikijua cheo chake. Akitaka kubebwa alisema, "Mjukuu wangu, nibebe," na Mkurugenzi, mtu mzima mwenye mji mzima mikononi, alipiga magoti sebuleni.

Kwenye korido, nje ya chumba cha wageni, alikuta vitu vimepangwa chini: mito, pasi, shuka zilizokunjwa, sanduku la nguo za baridi.

"Kuna mgeni?" aliuliza mkewe akitoka bafuni. "Ungeniambia basi, nikatandika mwenyewe."

"Nilidhani umevitoa wewe."

"Nimetoka kuoga sasa hivi, mimi."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba kile, magoti yamekutana, kidole mdomoni. "Mgeni amelala," alisema. "Amesema msifungue pazia."

Mkurugenzi alisukuma mlango. Pazia lilikuwa limefungwa na hewa ilikuwa nzito, harufu ileile ya tope ikamvaa usoni kama kitambaa kibichi. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limeloa, na halikuloa ovyo. Lilikuwa limeloa kwa umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja mrefu kupita kiasi umening'inia mpaka sakafuni. Na umbo lile, wakati akilitazama, liligeuka upande wa pili.

Alifunga mlango. Akakishikilia kitasa kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Bomba limepasuka," alimwambia mkewe.

Mke alimtazama, akatazama vitu vilivyopangwa sakafuni kwa unadhifu, pasi imekaa juu ya shuka, waya wake umezungushwa vizuri. "Bomba," alisema.

*

Baada ya hapo nyumba ikaanza kuhamishwa. Haikuvurugwa hata mara moja, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Walitoka asubuhi, waliporudi mchana walikuta stoo imetolewa vitu vyote vikapangwa uani, vikubwa chini, vidogo juu. Kisha sebule. Makochi yalikuwa nje, yametazama ukuta, picha ya harusi imelazwa juu ya kochi kubwa kifudifudi. Kila chumba kilichotolewa vitu kilijaa baridi na harufu, na hawakuweza kukiingia tena. Mlango ulifunguka, ndiyo, lakini miguu ilikataa. Walihamia jikoni na chumba kimoja cha kulala. Mchana, jua likiwaka kama kawaida na redio ya jirani ikipiga matangazo, walisikia nyayo vyumbani, chwapu, chwapu, kama mtu anayepiga kitambaa kibichi juu ya saruji, na chini ya sakafu hodi ya polepole, isiyo na hasira, ya mtu anayejua atafunguliwa.

"Umemkaribisha nani nyumbani kwangu?" aliuliza mke. Aliuliza kwa kunong'ona, maana walikwisha kuanza kunong'ona.

"Sijamkaribisha mtu."

"Usiniletee sauti yako ya ofisini. Nakuuliza kama mume wangu."

Mkurugenzi alikuwa akikumbuka. Jibu lake la Jumanne lilikuwa limemrudia, neno kwa neno, na nyuma ya jibu, kwa mbali, swali lenyewe, lililosemwa kwa sauti ya mtu mwenye maji kooni: *Mmenifunika. Sasa mimi nitakaa wapi?*

Siku ya tatu yake, mchana wa saa saba, alirudi akakuta vitu vya Bibi viko nje ya chumba cha kulala: viatu vya shule, daftari, mdoli. Mkewe alikuwa amelala kitini jikoni, amechoka na zamu, na maji ya sufuria yalikuwa yakichemka mpaka yanakauka. Aliingia chumbani akiita, "Bibi, Bibi," kwa sauti ya kujikaza, na alimkuta mtoto amekaa katikati ya kitanda kilicholoa chapachapa, mgongo umenyooka, nywele zimegandamana kichwani kama za mtu aliyetolewa kisimani, mikono juu ya mapaja na macho yamemtulia usoni bila kupepesa, na alipomgusa shavu lilikuwa baridi kama bomba la alfajiri, na alipomwita tena Bibi, kwa unyenyekevu wote alioujua, kile kinywa kidogo chenye pengo la meno mawili ya mbele kilifunguka, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mtoto wala ya mtu mzima, bali ya kina, ya chini kabisa, kama imevutwa kwa kamba kutoka mahali ambapo kamba zote huishia.

"Mkurugenzi," ilisema. "Nyumba ni nzuri. Ila ni ndogo."

Bibi hakuwahi kumwita baba yake Mkurugenzi.

Walimkimbiza hospitali. Daktari alimpima, akapiga picha ya kifua, akasema mapafu ni safi, hana kitu, labda mshtuko. Mke, muuguzi wa miaka mingi, alichukua kifaa cha kusikilizia mapigo akakiweka mwenyewe mgongoni mwa mwanawe. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alipokivua alimpa mumewe. Mkurugenzi akasikiliza. Ndani ya kifua cha mtoto palikuwa na maji yanayogonga ukuta, na kati ya pigo moja na jingine, hodi.

*

Mama Mihutasari ndiye aliyempeleka kwa mganga, siku ya Jumatatu. Hakumuuliza maswali, alimtazama tu pale ofisini, mashavu yamebonyea, shati la jana, akachukua mkoba wake. "Twende, baba. Acha gari, tutatembea."

Mganga mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa kati ya duka la vioo na kinyozi, na hakikuwa na kibuyu wala hirizi. Kilikuwa na vitambaa, vifungo, na bango la kukataza kukopa. Alimsikiliza Mkurugenzi mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Wewe ndiye yule wa redioni," alisema hatimaye. "Unasema vizuri. Mume wangu alikuwa anakusikiliza mpaka chai inapoa. Taa ya mtaa wetu uliipokea miaka minne iliyopita."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Nimsaidieje mtoto, mama? Niambie kinachotakiwa. Chochote."

"Mimi natoa waliovamia. Huyu hakuvamia. Aliomba, akakubaliwa, akahamia. Nikimgusa, mimi ndiye mvamizi." Alikata uzi kwa meno. "Wale hawana mchezo na neno, mwanangu. Sisi tunasema maneno ili mtu atuondokee. Wao hawajui hivyo. Ukimwambia utapatiwa, anakaa anasubiri apatiwe."

"Na mtoto?"

"Nyumba imejaa. Nyumba ikijaa, wanaanza kukaa ndani ya watu, mdogo kwanza. Akishamzoea, hatatoka tena, na utakuwa unalea maji."

Cherehani ilikwenda kidogo, ikasimama.

"Mtoa neno ndiye alirudishe. Mdomo uleule, mahali palepale, mbele ya walewale. Mwambie hapana. Useme hapana yenyewe, usiizungushe, usiipake mafuta. Useme ulimdanganya. Halafu uvunje lile zege, arudi kwake."

"Lile zege," alisema Mkurugenzi taratibu, "linazinduliwa Jumamosi."

Fundi cherehani alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Kisha akamtazama Mama Mihutasari, na wanawake wale wawili wakaelewana jambo bila kulisema.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza fundi.

"Ana jina la mama yangu."

"Haya. Basi ni juu yako."

*

Jumanne ikafika. Mke alikuja naye, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa ukumbi, Bibi mapajani amefunikwa blanketi. Miguu ya mtoto ilitokeza chini ya blanketi, myeupe, imekunjana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, na ilikuwa ikidondosha maji.

"Ukitoka humo hujasema," mke alimwambia, "usitufuate tutakakokwenda."

"Nitasema."

"Hapana. Herufi sita. Hata Bibi alikuwa anaiweza."

Mwenyekiti alimkamata kabla hajaingia, akamzungushia mkono mabegani. "Ndugu yangu. Jumamosi wakubwa wote wanakuja, na kuna macho yanakutazama wewe, unanielewa? Kuna mji mkubwa zaidi ya huu unatafuta mtu. Leo nataka taarifa tamu." Alimpigapiga mgongoni. "Umekonda. Punguza kazi."

Alisimama mbele yao. Alisoma maji, alisoma taka, alisoma taa. Sauti yake ilipanda pa kupanda na kushuka pa kushuka, kwa mazoea tu, kama farasi anayejua njia ya zizi. Mkoromo alikwisha kulala. Mama Mihutasari aliandika. Na Mkurugenzi alipofika kwenye maegesho, harufu ya tope iliingia ukumbini, na kile kiti kilichovunjika kule dirishani kilijinyoosha chenyewe, kikasimama wima kwa miguu mitatu.

"Mkurugenzi," kilisema. "Nashukuru kwa nyumba. Nimekuja kuuliza, yule mtoto nimchukue moja kwa moja?"

Hakuna diwani aliyegeuka. Mmoja alikuwa akichokonoa jino, mwingine akipangusa kioo cha simu. Kupitia mlango uliokuwa wazi Mkurugenzi aliiona ile miguu midogo, na alifungua mdomo kusema hapana, na hapana ilikuja kweli, aliihisi ulimini, ngumu na ngeni kama kokoto, lakini pamoja nayo likaja zege likipasuliwa mbele ya soko zima, na Jumamosi isiyokuwepo, na mkono wa Mwenyekiti ukiondoka mabegani mwake, na yeye mwenyewe akisimama hapa alipopapenda kuliko mahali popote akiwaambia watu hawa kwamba daraja halikuwahi kupokelewa, wala choo, wala taa, kwamba maneno yote yale mazuri yalikuwa upepo, na kati ya kokoto ile na aibu ile, wakati kiti kikimsubiri kwa subira ya kitu kilichokwisha kusubiri chini ya maji tangu kabla mji haujawa mji, akili yake, ile akili nzuri iliyomfikisha alipofika, ilimwonyesha mlango wa tatu.

Alikohoa kidogo. Akatua pale alipojua pa kutua.

"Waheshimiwa, kuna suala moja la mwisho. Yupo mkazi aliyehamishwa kupisha mradi. Ofisi yangu ilimpokea, lakini nafasi imekwisha. Kwa kuwa ninyi ndio wenye kata na wenye watu, ombi lake nalikabidhi kwenu. Kila mheshimiwa ampokee katika kata yake na nyumbani kwake, yeye na walio wake. Naomba kuwasilisha."

Kalamu ya Mama Mihutasari ilisimama. "Mkurugenzi," alinong'ona. "Usifanye hivyo. Wana watoto hawa."

"Wanaoafiki taarifa waseme ndiyo," alisema Mwenyekiti, akitazama saa.

"Ndiyooo," ukumbi ukavuta, na ya Mkoromo ilikuwa ndefu kuliko zote, macho yamefumbwa.

Kiti kililegea, kikaanguka. Chwapu. Nyayo zilipita safu ya nyuma, zikasimama nyuma ya diwani wa kwanza, zikaendelea, zikasimama nyuma ya wa pili. Mmoja alijikuna shingoni. Mmoja alisema, "Mbona baridi?" na akafunga kifungo cha koti. Walikuwa wakicheka na kusukumana mlangoni, na nyuma ya kila mmoja, sakafuni, mstari mwembamba wa maji ulimfuata mpaka kwenye ngazi.

Kule kwenye benchi Bibi alikohoa. Alikohoa tope jeusi kwenye blanketi, na jani moja lililooza, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto wa darasa la kwanza. "Mama, nina njaa."

Mama Mihutasari alifunga mkoba wake. Aliacha kalamu mezani.

"Mimi sikusema ndiyo," alimwambia Mkurugenzi alipompita. "Uwakumbushe hao wageni wako."

*

Nyumba ilikauka siku ileile. Walirudisha makochi, wakaanika magodoro, wakainua picha ya harusi. Bibi alikula, akaomba tena. Mkewe hakumuuliza alisema nini kule ndani. Alimwona mtoto anacheka, akaamini alichotaka kuamini, na Mkurugenzi alimwachia imani yake. Jioni mtoto alimpanda mabegani.

"Mjukuu wangu," alisema, amemshika masikio. "Mgeni alikushukuru sana. Amesema sasa ana nafasi ya kuwaita wenzake."

Jumamosi utepe ulikatwa. Wakubwa walikuja, walipiga makofi, waliegesha magari yao juu ya zege. Madiwani wote walihudhuria, na mtu angedhani ni mwanga wa jua uliofanya nyuso zao zing'ae vile, kama zimetoka kunawishwa. Hakuna aliyegusa chakula. Maji walikunywa, jagi baada ya jagi.

Jumanne iliyofuata Mkurugenzi alipoingia ukumbini alikuta wamemtangulia. Hilo halikuwahi kutokea. Walikaa wima, safu kwa safu, mikono juu ya mapaja, hakuna simu, hakuna anayechokonoa jino. Mwenyekiti naye alikuwa ameketi vilevile, macho hayapepesi. Kiti cha karani kilikuwa kitupu. Sakafu nzima ilikuwa imeloa, na harufu ile haikuwa tena ya kiti kimoja.

Alisoma taarifa yake. Hakuna kichwa kilichotikisika. Walisikiliza kila neno, na katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusikilizwa namna ile. Alipomaliza, Mkoromo alinyoosha mkono. Hakuwa amelala. Mkono ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema, na ile sauti ya chini kabisa ilitoka kwenye koo lake nene. "Tunakushukuru kwa niaba ya waliofika. Chini wamebaki wengi. Wanauliza, mji huu una nyumba ngapi?"

Maji yalidondoka, tone, tone. Mkurugenzi aligeukia dirisha. Kule chini mji ulikuwa katika shughuli zake kama alivyoutolea taarifa sasa hivi: gari la taka likirudi kinyumenyume, mfagiaji akijipumzisha juu ya ufagio wake, mtu na ngazi akipandia nguzo ya taa, na watoto wa shule wakivuka barabara wameshikana mikono. Wa tatu kutoka mbele alikuwa na pengo la meno mawili. Alikuwa akiruka madimbwi ya mtaro moja moja, akihesabu.

Hapana, alijiambia. Herufi sita.

Akawageukia. Walikuwa wameinama mbele kidogo, wote kwa pamoja, wakimngoja kwa heshima kubwa. Na mdomo wake, uliozoea, ukaanza kufunguka.